Nyota Juu ya Paa

Shifen, Taiwan
10 Januari 1999

Mdogo wangu Felisa,

Nyota imefika. Imechelewa Krismasi kwa siku kumi na mbili, na huko posta imekaliwa na kitu kizito, ncha zake mbili zimelala kama masikio ya mbwa, lakini imefika. Nimeinyoosha kwa mvuke wa sufuria, nikaitundika dirishani mahali ambapo A-má, bibi ninayemtunza, anaiona akiwa kwenye kiti chake. Aliitazama asubuhi nzima. Mwishowe akasema, "Taa yenu hii haina tumbo. Itapaaje?" Nikamwambia za kwetu hazipai, tunazitundika. Akasema, "Basi ni taa ya wavivu."

Mwambie Tatang hivyo hivyo, neno kwa neno. Baba yetu ameunda nyota za Krismasi kwa mianzi na karatasi miaka arobaini, halafu bibi wa miaka themanini na sita, asiyeweza kufunga vifungo vyake mwenyewe, anamwita mvivu. Atacheka.

Unauliza habari za kazi. Kazi ni ile ile. Saa kumi na moja alfajiri namwinua, namsafisha, namvisha, namlisha. Akilala mchana nakwenda mbele, dukani kwa mwanawe, Bwana Tsai, kubandika taa za karatasi zinazopaa kwa moto. Huku sikukuu ya taa ni mwezi wa Machi, na kuanzia sasa hadi siku hiyo kila mkono wa nyumba hii unanuka gundi. Karatasi nne zinaunganishwa kwenye kingo, chini inawekwa pete ya mwanzi, katikati ya pete kitambaa cha kuwasha moto. Bwana Tsai aliponiona napaka gundi akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia sikumbuki kujifunza.

Nimechoka, Felisa. Uchovu wenyewe si wa kulala ukaisha. Nikiamka ninao tayari mwilini, kama nguo niliyolala nayo. Nilipokuwa nafundisha nilichoka pia, lakini jioni nilijua ni kwa ajili ya nini. Watoto arobaini walikuwa wamejua kugawanya. Hapa kila jioni A-má amezeeka kwa siku moja, na mimi pia.

Sasa nisikilize. Kibali changu kinaisha tarehe ishirini Aprili. Bwana Tsai anataka niongeze mwaka. Karatasi ya kutia sahihi ameibandika kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku yenye umbo la nanasi, kwa hiyo naiona kila nikichukua maziwa. Amenipa hadi tarehe kumi na tano Machi, ili nikikataa apate muda wa kutafuta mtu mwingine. Peke yangu siwezi kuamua. Nataka Tatang aniambie: niongeze, au nirudi? Aandike mwenyewe. Mstari mmoja unatosha, hata kwa ile penseli yake ya kupimia mianzi.

Dada yako,
Perlita


Bacolor, Pampanga
27 Januari 1999

Atsi Perlita, dada yangu,

Nimemsomea Tatang habari ya taa ya wavivu. Amecheka.

Hapa wote wazima. Tatang hajambo. Anasema macho yanamsumbua, ndiyo sababu naandika mimi, na naomba usinitume tena nimlazimishe. Mtu mzima akisema macho yanamsumbua, yanamsumbua. Jibu lake ni hili: ongeza. Nilimwuliza waziwazi, "Tatang, Atsi aongeze mwaka?" akasema ndiyo. Basi umelipata neno lako.

Shule inaendelea. Wale wa darasa la tatu ni mashetani wale wale, ila wamerefuka.

Jana Mama Rufina wa jirani alipita na bakuli la uji wa tangawizi, akasimama mlangoni na ule mdomo wake unaoujua.

"Dada yako bado anaosha matako ya watu huko ng'ambo?"

"Anaosha ya bibi mmoja tu, Mama Rufina."

"Na ya kwenu huku, anaosha nani?"

"Sisi tunajiosha wenyewe."

Akacheka mpaka uji ukamwagika kizingitini, nikabaki kufagia. Mbwa alimaliza uliobaki.

Mvua hakuna, vumbi la ule mchanga wa kijivu limejaa mpaka kwenye meno. Tia sahihi, usijitese. Mwaka mmoja si kitu.

Felisa


Shifen
8 Februari 1999

Felisa,

Barua yako nimeisoma mara nne. Neno "ongeza" liko kwa mwandiko wako, na nukta iliyolifuata ni yako pia. Tatang hajawahi kuweka nukta maishani mwake. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nimeona.

Jumamosi nilikuwa nafagia chini ya kitanda cha A-má nikakuta kifurushi cha kitambaa cha buluu. Ndani mlikuwa na gauni, kitana, kopo la chumvi na machungwa mawili yaliyosinyaa. Nikakipeleka kwa Mama A-Kiok, anayechoma soseji hapo nje, kando ya reli. Alipokiona akajipiga paja.

"Ameanza! Basi sikukuu imekaribia. Kila mwaka anafunga mizigo."

"Anataka kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Lakini hapa ndipo nyumbani. Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hii."

"Haya, kamwambie wewe uliyesoma. Sisi tumejaribu miaka sita." Kisha akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe ule kitu, mtoto wa watu. Umekonda kama uzi wa taa."

Akanipa soseji na kisa chenyewe. Zamani, anasema, majambazi walishuka bondeni kila majira ya baridi. Watu walichukua watoto na nguruwe wakapanda milimani kujificha, wakabaki wanaume wachache kulinda nyumba. Majambazi walipoondoka, wale waliobaki waliwasha taa za karatasi wakazirusha. Aliyekuwa mlimani akiona taa angani alijua: kumetulia, shukeni mrudi. Watalii wanaokuja siku hizi kuandika dua zao kwenye taa hawana habari hiyo. A-má mwenyewe alikuwa hajazaliwa enzi hizo, kisa ni cha mama yake, lakini akili yake sasa haitenganishi. Taa zikikaribia, anajiona yuko mlimani, anafunga mizigo ili ishara ikionekana asichelewe.

Nilikaa na soseji mkononi nikaufikiria ule mwaka wa matope. Mimi na Ima, Mungu amrehemu mama yetu, tulikuwa kwenye tuta la barabara pamoja na mamia ya watu, na mbele yetu mji wote wa Bacolor ulikuwa uwanja wa tope la volkano lililokuwa bado linatembea. Tatang alikataa kuacha mianzi na visu vyake, nawe ukakataa kumwacha Tatang, mkabaki wawili juu ya paa. Jioni nne mfululizo, giza lilipoanza kuingia, nyota iliwaka juu ya paa letu. Ima alikuwa akiiona anasema, "Wako salama," kisha analala. Nami nililala. Miaka hii yote ya kulala vitanda vya watu nimejitulizia kwa picha ile: nyota nyekundu, tope la kijivu, na ninyi wawili salama chini yake. Sasa naambiwa watu wa huku walifanya vilevile bila kutujua.

Bwana Tsai amesema tarehe mbili Machi atanipa taa moja niirushe. Ina pande nne: mmoja wa Tatang, mmoja wa Ima, mmoja wako, mmoja wangu. Niambie niandike nini upande wako. Fikiri vizuri.

Perlita


Bacolor
19 Februari 1999

Atsi,

Nina mikono miwili na siku ina saa zile zile, halafu unaniambia nifikirie vizuri maneno ya kuandika kwenye karatasi itakayoungua.

Upande wa Tatang andika afya. Wa Ima andika jina lake, alikuwa analipenda. Wangu acha mtupu.

Umeshatia sahihi au bado? Nilikwambia Tatang amesema ongeza, mbona unazungukazunguka kama mtu anayetafuta kukatazwa? Ukitaka kuongeza, ongeza. Ukitaka kurudi, rudi. Mimi usinifanye mlango.

Na habari za matope usiniletee. Wewe hukuwa juu ya paa.

Felisa


Shifen
3 Machi 1999

Felisa,

Barua yako imefika leo asubuhi. Taa ilipaa jana.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuchagua la kukuandikia na la kukuficha.

Tangu mchana watu walikuwa wamejaa relini. Reli inapita katikati ya maduka, unajua, mtu akinyoosha mkono dirishani anaweza kumvua kofia abiria. Kila treni ilipopiga king'ora, umati wote uligawanyika na taa zao na soseji zao, treni ikapita, wakarudi relini kama maji. Mama A-Kiok alikuwa hana nafasi hata ya kutukana. Nilimlisha A-má vile vidonge vitamu vya unga wa mchele vinavyoliwa siku hiyo, nikampa vitatu tu, nikivikata vipande kwa kuogopa visimkwame. Nilimvisha makoti mawili. Kifurushi chake cha buluu alikikumbatia tangu asubuhi na hakukubali nikiguse.

Jua lilipozama Bwana Tsai akaniletea taa na brashi. Upande wa Ima niliandika jina lake lote, pamoja na lile la ubatizo alilokuwa haliandiki. Upande wangu sikuwa na neno, nikamwachia A-má; akachovya kiganja katika wino, akakibandika hapo kama muhuri. Upande wako niliandika "apumzike". Nilipomaliza niliona aibu. Dua ile haikuhitaji taa. Ilihitaji mtu wa kukupokea beseni.

Upande wa Tatang niliandika: mkono wake wa kulia.

Sasa unajua kwamba najua. Nimejua tangu siku nilipofungua kifurushi cha nyota, kabla hata sijaandika ile barua ya Januari. Tatang anazungusha uzi kutoka kushoto kwenda kulia, mizunguko mitatu, na ncha anaificha chini. Niliishika nyota yetu mkononi nikaona viungo vyote vimezungushwa kinyume. Mtu anayetumia mkono wa kushoto katika nyumba yetu ni mmoja tu. Tatang asingekubali nyota inayokuja kwangu ifungwe na mtu mwingine, hata wewe, isipokuwa kama mkono wake haumsikii tena. Nilikaa kitandani nayo. Halafu nikasimama, nikachemsha maji, nikanyoosha ncha kwa mvuke, na nikakuandikia umwambie Tatang, atacheka.

Nilikuomba aandike mstari mmoja nikijua hawezi. Nilitaka wewe ndiye useme. Usiposema, mimi sijui, na kama sijui naweza kuongeza mwaka na bado nikawa mtu mwema. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa napiga kila nilipofungua jokofu. Nakuandikia hapa ili isije siku nikajidanganya kwamba sikuipiga.

Tuliirusha mimi, Bwana Tsai, mkewe na msichana wa kazi wa jirani, kila mtu ameshika kona. Taa ikajaa joto, ikaanza kuvuta, wakasema achia. Ikapaa juu ya nyaya, ikajiunga na mamia mengine, na baada ya punde sikujua tena ipi ni yangu.

A-má akanivuta koti. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wamewasha," akasema. "Umeona? Wamewasha. Tushuke."

"A-má, tupo nyumbani. Mlango huo hapo."

"Wewe upo nyumbani?"

Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto darasani waliojua jibu na hawanyooshi mkono.

"Basi chukua mizigo," akasema, "tusichelewe."

Nikachukua kifurushi. Nilimshika kiuno tukatembea kando ya reli, pole pole, mpaka kwenye nguzo ya ishara ya treni, kisha tukageuka tukarudi njia ile ile. Tulipofika mlangoni kwake akagusa mbao, akagusa kulabu ya mwavuli, akasema, "Nyumba ipo. Hawakuichoma." Akaketi kwenye kiti chake na kuvua viatu mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue. Mama A-Kiok aliniambia baadaye kwamba kila mwaka inakuwa hivyo: anakwenda mpaka nguzo, anarudi, anafika.

Nilimwonea wivu, Felisa. Nilipiga magoti kumfuta miguu, nikamwonea wivu.

Niambie ukweli wote. Umebaki wewe tu kuusema.

Perlita


Bacolor
13 Machi 1999

Perlita,

Ulijua. Tangu Januari ulijua.

Miezi miwili nimekaa usiku nikitunga maneno kwa ajili ya mtu aliyekuwa anajua. Nimebuni watoto wa darasa la tatu. Nimewarefusha! Unajua uongo unavyochosha? Ni kazi juu ya kazi. Nikishamaliza kumgeuza, kumwosha na kufua mashuka, nakaa kufikiria leo Tatang mzima afanye nini.

Haya, chukua ukweli wote, usije ukasema nimekupunguzia.

Tarehe nne Oktoba alikuwa anapasua mianzi, kisu kikamponyoka. Akakiangalia pale chini. Nikamwambia okota basi, nikidhani anatania. Ni kiharusi. Mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Shule niliacha mwezi wa Novemba. Mwalimu mkuu alinishikia nafasi mpaka Januari, kisha akampa mtu, na simlaumu. Uji wa Mama Rufina si ukarimu wa siku moja, analeta kila siku, na kwa lile swali lake la nani anaosha hakuwa anatania. Nililiandika nikacheka peke yangu, kwa sababu lilikuwa limekaa pale wazi kwenye karatasi na nilijua dada yangu msomi atalipita. Kumbe hukulipita. Ulilikanyaga ukaendelea kutembea.

Amebakiwa na neno moja tu, ndiyo. Tatang unaumwa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Atsi aongeze mwaka? Ndiyo. Kwa hiyo hapo sikudanganya. Nilimwuliza pia, Atsi arudi? Akasema ndiyo. Nikachagua moja nikakuandikia.

Na alicheka kweli ile habari ya wavivu. Upande mmoja.

Nyota niliifunga mimi, yeye alishika. Aliweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya kila kiungo mpaka nikamaliza kuzungusha, viungo vyote. Nikikosea anabonyeza. Nilijua utaona uzi ulivyokwenda. Sijui kama nilitaka uone. Tangu jana najiuliza, na sijui.

Sasa nikwambie la paa, maana umeligeuza kuwa picha takatifu na mimi siwezi tena kulisikia. Siku ya pili Tatang alikatwa na bati, kisigino kikafunguka mpaka mfupa. Usiku ule ule homa ikapanda. Tulikuwa na ndoo nusu ya maji ya mvua yenye majivu. Nilitaka kupiga kelele mje, tuta halikuwa mbali, mngesikia. Akanikataza. Alisema, "Perlita akisikia ataingia kwenye tope, namjua. Litammeza hajafika nusu. Washa nyota, wasije." Nikamwuliza, kesho je? "Washa. Kila jioni washa, mpaka tope ligande." Ndivyo nilivyowasha, jioni nne, na yeye akitetemeka chini ya turubai. Ninyi mkaiona mkasema tuko salama, mkalala.

Taa za hao wenzako zinasema rudini. Yetu ilikuwa inasema msije. Haikusema kingine, hata siku moja.

Na mimi sijajifunza nyingine. Tangu Oktoba naandika barua kama nilivyowasha ile nyota.

Sikuambii uje. Usisubiri nikuambie. Nikikuita ukaja, utakaa hapa miaka kumi ukinitazama kama mtu aliyekuchukulia kitu, na mimi sina nguvu ya kutazamwa hivyo juu ya haya mengine. Leo tarehe kumi na tatu. Barua hii itafika umeshaamua. Afadhali.

Felisa


Shifen
24 Machi 1999

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, siku nane baada ya ile karatasi kutoka kwenye jokofu. Kwa hiyo hukuniita, na mimi sikuitwa. Likumbuke hilo siku nitakapokuudhi.

Nilimjibu Bwana Tsai tarehe kumi na tano, asubuhi, akiwa anahesabu pete za mianzi zilizobaki.

"Siongezi, Bwana Tsai."

"Ni mama amekuchosha?"

"Hapana. Ni baba yangu anaumwa." Wakati ule nilikuwa najua mkono tu, mengine nilikuwa nayawaza.

Akaweka pete chini. "Baba ana mtu wa kumwangalia?"

"Ana mdogo wangu."

"Basi ana mtu."

"Yeye anaye. Mdogo wangu ndiye hana."

Alikwenda akaibandua karatasi, akaikunja, akairudisha ile sumaku ya nanasi mahali pake bila kitu chini yake.

Msichana atakayenipokea kazi anafika wiki ijayo kutoka mkoa wa Isabela, huko kwetu, anaitwa Nenita, ana miaka ishirini na mmoja. Nimemwandikia maelekezo kurasa mbili. A-má hapendi maji yamguse shingo. Vile vidonge vya mchele vikatwe. Na sikukuu ya taa ikifika, akisema tushuke, asibishane naye. Achukue kifurushi, amtembeze mpaka nguzo ya ishara, amrudishe. Hiyo sentensi niliiandika mara tatu mpaka nikaridhika nayo.

A-má nimemwambia. Sijui ameelewa kiasi gani. Jana alifungua kifurushi chake cha buluu, akatoa kopo la chumvi akanipa. "Njiani huwezi kujua," akasema. Saa nzima baadaye alikuwa ananiuliza nani ameiba chumvi yake. Nikamrudishia. Akanipa tena. Tumeendelea hivyo mpaka nikalificha kwenye sanduku langu, na sasa ananiita mwizi, na ana haki.

Lile la paa nimelisoma nikiwa nimesimama jikoni. Sina la kujitetea, na sitakuandikia kwamba nimelia, kwa sababu hata hilo ningekuwa nakutwisha wewe. Tatang alikuwa amenijua vizuri mwaka ule: ningeingia kwenye tope. Nimekuwa nikijiuliza huyo Perlita alikwenda wapi. Labda nilimchosha. Usitegemee atashuka yeye kwenye ndege. Atashuka mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye mgongo mbovu, anayejua kugeuza mgonjwa bila kumuumiza ngozi, kubadilisha shuka mtu akiwa juu yake, na kumlisha asiyemeza vizuri. Nilijifunza yote haya kwa mama wa mtu mwingine. Huwa naona uchungu nikiyafikiria. Leo nimeona afadhali nimeyajua.

Pesa zitapungua, unajua na mimi najua. Uende ukamwulize mwalimu mkuu kama kuna darasa lolote mwezi wa Juni, hata la kwanza.

Nafika Jumapili tarehe kumi na nane Aprili, ndege ya alfajiri. Usije kunipokea, utamwacha na nani? Nitapanda basi. Na tafadhali usinitundikie nyota mlangoni. Nimeshaelewa za kwetu zinasema nini. Acha tu mlango bila komeo, na beseni na taulo uviweke mahali ninapoweza kuvipata bila kuuliza.

Nitakuwa nimefika kabla ya saa ya kumwosha. Wewe ulale.

Perlita